Mioyo ya Wachezaji Haina Kosa

Msimu ukienda mrama, hukumu huwa ni moja: "Hawa hawana uchungu na jezi." Inasemwa Kariakoo, inasemwa Eastleigh, na hapa Tooting, kusini mwa London, naisikia kila wikiendi kwenye mgahawa wa Upper Tooting Road ambako Waswahili, Wasomali na Wahindi wa Kampala tunabanana mbele ya runinga moja. Msimu wa 2024/25 ilisemwa mpaka ikachosha, maana Manchester United walimaliza wa 15 na Tottenham wa 17. Mmoja anatamka, mwingine anaitikia, wa tatu anaongeza kwamba wamelewa hela, basi, kesi imekwisha, tuleteeni sambusa.

Kesi haijaisha. Hukumu hiyo ni ya uongo, tena ni uongo wenye faida kwa watu ambao hawakai mgahawani petu.

Chukua fainali ya Ligi ya Europa kati ya Tottenham (Spurs) na United, Bilbao, tarehe 21 Mei 2025. Brennan Johnson amefunga kabla ya mapumziko, Spurs wanaongoza bao moja. Kipindi cha pili Rasmus Højlund wa United anapiga kichwa, kipa ameshatoka golini, mpira unaelekea wavuni. Micky van de Ven anarudi mbio, anajipinda hewani, mguu juu ya kichwa, anautoa mstarini. Shabiki mmoja wa Spurs akapiga meza, chai ya jirani ikamwagika: "Huo sasa ndio uchungu na jezi!" Sawa. Siku nne baadaye timu ileile ikiwa nyumbani ikapigwa 4-1 na Brighton, ikafunga ligi na vipigo 22. Uchungu ulibaki Hispania?

Wala hakuna fumbo. Wakati wa baridi mabeki wao wa kati, Van de Ven na Romero, walikuwa majeruhi, na kipa Vicario alikuwa nje pia. Archie Gray, kiungo wa miaka 18, akapangwa beki wa kati mechi baada ya mechi, na akakaba kwa nguvu zake zote. Hakuna aliyeweza kumlaumu kwa kutojituma, na mabao yaliingia vilevile.

Wanaohubiri moyo hawahitaji hata kwenda mbali, waulize habari za timu ya mtaa huu. Tooting & Mitcham United, iliyoundwa mwaka 1932 kwa kuunganisha timu mbili, ilikuwa ya ridhaa: wachezaji wana kazi zao, mpira ni wa jioni na Jumamosi. Msimu wa 1958/59 waliingia Kombe la FA wakawatoa Bournemouth na Northampton, timu za wachezaji wa kulipwa. Januari 1959 wakaletewa Nottingham Forest wa daraja la kwanza. Uwanja wa Sandy Lane ulikuwa umeganda, ardhi ngumu yenye mabonde. Hao vijana wa ridhaa wakatangulia 2-0. Kama kuna siku moyo ulicheza mpira London hii, ni siku ile. Kisha likaja bao la kujifunga, ikaja penalti, ikawa 2-2. Marudiano Nottingham: Forest 3, Tooting 0. Mwezi Mei Forest wakabeba kombe lenyewe Wembley.

Tazama vizuri alichokipata aliyejituma kupita wote: alasiri moja, na barafu ikimsaidia. Uwanja ulipokuwa wa kawaida, ubora ukajitenga. Wala simaanishi kuwadharau, nawavulia kofia. Ninachokataa ni kuichukua alasiri ile na kuigeuza kipimo cha msimu mzima.

Najua nitajibiwa Leicester. Kila mjadala wa namna hii lazima Leicester wa 2016 waletwe, mabingwa wasiotarajiwa na mtu. Haya, tuwatazame. Kiangazi kile N'Golo Kanté aliuzwa Chelsea. Leicester wakashuka mpaka nafasi ya 12, kocha Ranieri akafukuzwa Februari 2017. Chelsea, waliokuwa wa kumi, wakawa mabingwa. Moyo wa Leicester haukuhama. Aliyehama ni Kanté, na mapafu yake.

Nyumbani ni hivyohivyo. Simba walipokula matano kwa moja mbele ya Yanga, tarehe 5 Novemba 2023, mtaa mzima ulijua nani kauza mechi na nani hana damu ya Msimbazi. Kocha Robertinho akafungashiwa virago siku mbili baadaye, maombolezo hayajapoa. Mei 2025 Simba walikuwa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Katikati hapo hakuna aliyetibiwa moyo. Kulikuwa na usajili wa 2024: kipa mpya, kiungo mpya, mshambuliaji mpya, kocha mpya. Na Yanga ndio wananifurahisha zaidi: msimu huo wa 2024/25 walipitia makocha watatu na bado wakachukua ubingwa. Kikosi kilikuwa kimejengwa.

Wapo wachezaji wavivu, sibishi. Lakini kikosi kizima hakiwi kivivu kwa mwaka mzima kwa bahati mbaya.

Sasa United. Dan Ashworth aliletwa kusimamia usajili Julai 2024, Desemba akaondolewa. Kocha Ten Hag alibakishwa kiangazi, akapewa fedha za kununua wachezaji wake, akafukuzwa Oktoba. Akaja Amorim, anayetaka mabeki watatu, akakabidhiwa kikosi kilichonunuliwa kwa mabeki wanne, katikati ya msimu. Nyuma ya yote kuna deni ambalo familia ya Glazer iliibebesha klabu tangu ilipoinunua mwaka 2005. Naye Ratcliffe, mmiliki mwenza, akabana matumizi: mamia ya wafanyakazi wakapunguzwa, chakula cha mchana cha bure kikafutwa, tiketi za mechi zilizobaki zikawekwa pauni 66 bila nafuu kwa mtoto wala mzee. Katika orodha hii yote, moyo wa Højlund unaingilia wapi?

Kinachonishangaza ni nani anayesema. Nusu ya wenzangu mgahawani hufanya kazi za zamu, wengi hospitalini. Wanajua vizuri zamu ya manesi wawili badala ya wanne inavyokuwa, na wanamjua meneja anayeitisha kikao asubuhi kuwahubiria kujituma badala ya kuajiri. Hotuba hiyo wanaichukia kufa. Jumapili wanaisoma neno kwa neno mbele ya runinga.

Tena ina mkia mbaya. Ukishazoea kupima moyo wa mtu kwa jezi, hatua ya pili ni kuuliza moyo huo ni wa wapi hasa. Julai 2021 Rashford, Sancho na Saka wa England walikosa penalti fainali ya Kombe la Ulaya, Saka akiwa na miaka 19, na usiku uleule wakatukanwa kwa rangi yao. Sisi wa Tooting tuliumia sana, ni kweli. Lakini lawama ya "huyu si wetu, haumii kama sisi" tulikuwa tunaijua, maana tulikuwa tukiitumia.

Tarehe 9 Machi 2025, kabla ya mechi na Arsenal, maelfu ya mashabiki wa United waliandamana kwenda Old Trafford wakiwa wamevaa nyeusi. Waliwaandamia wenye timu, kwa majina yao, kwa deni lao. Mgahawani petu mechi ile iliisha 1-1, na ubishi ukawa juu ya nani kati ya mabeki wa United hakukimbia vya kutosha.