Ushanga Mmoja, Siku Tatu



Mwezi huu tuongelee zawadi, maana hapa ndipo wengi tunaponuniana. Kaa saluni nusu saa tu utasikia: "Yaani miaka miwili yote, kaniletea hiki tu!" Na kaka zetu nao hawaishi kulalamika kuwa mshahara hautoshi na mwenzao haridhiki.

Basi hebu twende kwenye bonde la Mto Indus, Pakistan na India ya sasa, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Watu wa kule walipenda sana shanga ndefu za akiki, lile jiwe jekundu la pete. Swali lililowasumbua wataalamu ni moja: bila chuma, jiwe gumu vile lilitobolewaje?

Mwaka 1935 na 1936 Ernest Mackay alichimba Chanhu-daro, akakuta shanga zilizovunjika, zilizoachwa njiani, na visindano vya jiwe vya kutobolea. Miaka mingi baadaye Jonathan Mark Kenoyer, mtaalamu kutoka Marekani, akaenda Khambhat, Gujarat. Mafundi wa huko bado wanatengeneza shanga za akiki, na ni shanga za Gujarat zilizofika hadi Kilwa enzi za majahazi. Akawatazama wakianika mawe, wakiyachoma mpaka yawe mekundu, wakiyachonga na kuyasugua. Kisha yeye na wenzake wakajaribu kutoboa kwa sindano za jiwe kama za kale, keekee ikizungushwa kwa uta.

Unajua walipata nini? Milimita 2.5 kwa saa! Ushanga wa sentimita 6 unakula masaa 24, yaani siku tatu za kazi, na hilo ni tundu tu. Linatobolewa kutoka pande zote mbili mpaka yakutane katikati. Ukikosea kidogo, jiwe linapasuka na unaanza upya.

Sasa sikia hii. Huko Allahdino, karibu na Karachi, ulipatikana mkanda wenye shanga 36 za aina hiyo. Hesabu ya wataalamu ni zaidi ya siku 480 za kazi. Kama ni fundi mmoja, huo ni mwaka na karibu miezi minne bila kupumzika hata Jumapili!

Wasio na uwezo je? Walivaa shanga za udongo zilizopakwa rangi nyekundu zifanane na akiki. Kumbe feki haikuanzia Kariakoo.

Ila kuna kitu kimoja tusijidanganye. Zile siku 480 zilikuwa za fundi. Tajiri aliyeuvaa mkanda ule, au aliyempa mtu wake, pengine hakutoboa hata milimita moja. Na sisi ndivyo tunavyofanya: tunanunua jasho la mtu mwingine, tunalifunga kwenye karatasi inayong'aa, halafu tunashangaa mwenzetu mbona hajafurahi. Wote mnarudi saa tatu usiku, kila mtu na simu yake. Kinachokosekana hapo si mkufu, ni masaa.

Kwa hiyo dada, kabla hujanuna, jiulize amekupa masaa mangapi mwezi huu. Na wewe kaka, usijifiche nyuma ya mshahara: saa moja ya kukaa na kumsikiliza haiuzwi dukani. Nanyi wote wawili, anzeni kila mmoja kwa upande wake. Hata kwa milimita mbili na nusu, mtakutana katikati.

Tuonane mwezi ujao.

Mhariri