Kijiji Kinapobaki na Bibi na Wajukuu

Sensa ya Agosti 2022 ilionesha kwamba Watanzania wameongezeka kutoka takriban milioni 44.9 mwaka 2012 hadi milioni 61.7. Taifa lilikua kwa zaidi ya theluthi moja. Katika kipindi hicho hicho Mkoa wa Kilimanjaro ulitoka watu milioni 1.64 hadi milioni 1.86 tu, ilhali Mkoa wa Pwani, unaopokea wanaofurika kutoka Dar es Salaam, ulikaribia kuongezeka maradufu.

Kuhama kuna sehemu kubwa katika tofauti hiyo. Anayeondoka kijijini kwa kawaida ni kijana, mwenye umri wa kulima, kuoa na kuzaa. Kwa hiyo kijiji hupungukiwa mara mbili: nguvu kazi ya leo, na watoto ambao majina yao yataandikwa katika daftari la ubatizo la parokia nyingine. Wanaobaki ni wazee, pamoja na wajukuu walioletwa kulelewa na bibi. Katika Jumuiya Ndogo Ndogo za mlimani hali hii huonekana wazi, isipokuwa wakati wa Noeli, wanaporudi wote na viti kanisani havitoshi. Parokia inayopanga mambo yake kwa hesabu ya Noeli hujidanganya.

Hatuwalaumu vijana. Kihamba kilichogawanywa kizazi baada ya kizazi hakiwezi kulisha kaya mpya. Wala mjini hawaendi kustarehe: mama kijana huzaa mbali na mama yake, na mtoto huachwa kwa dada wa kazi, ambaye naye mara nyingi ni binti aliyetoka kijijini.

Fedha zinazotumwa kwa simu ni msaada wa kweli, lakini hazimchotei bibi maji wala hazimpeleki zahanati usiku. Zanzibar, tangu 2016, humlipa pensheni kila mzee aliyetimiza miaka 70. Mkulima wa Bara ambaye hakuwahi kuajiriwa hana haki kama hiyo, na tunaona ni halali Kanisa kuliuliza jambo hili hadharani.

Baba Mtakatifu Fransisko aliweka mwaka 2021 Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee Duniani, Jumapili ya nne ya Julai. Kabla ya Jumapili hiyo, kila Jumuiya iandike ni wazee wangapi wanaishi peke yao, na wangapi wanalea wajukuu bila msaada. Orodha hiyo ifike katika halmashauri ya parokia kabla bajeti haijapitishwa.