BASI LA SHULE NI GARI LA BIASHARA

Liko neno linalorudiwa na baadhi ya wenye shule, nalo ni hili: basi letu si daladala, sisi hatufanyi biashara ya usafiri, twawasaidia wazazi tu. Neno hili ni tamu, lakini si kweli. Mzazi hulipa ada ya masomo, kisha hulipa nauli ya mtoto kila muhula, na asipolipa mtoto huachwa kituoni. Ikiwa hiyo si biashara, na tuambiwe ni nini.

Hatubishani juu ya jina. Gari likihesabiwa la biashara, mwenyewe hana budi kulikatia leseni ya usafirishaji kwa LATRA, mamlaka iliyoshika nafasi ya SUMATRA kwa sheria ya mwaka 2019, na kulipeleka likakaguliwe. Dereva naye hawezi kushika usukani kwa leseni ya daraja D, ile ya gari la nyumbani. Basi la abiria 15 hadi 29 lataka daraja C1. La abiria 30 na kuzidi lataka C, nayo haitolewi mpaka dereva awe ameshika C1 au E kwa miaka isiyopungua mitatu. Lakini basi likiitwa la msaada, hayo yote huonekana usumbufu, na funguo hupewa yeyote aliye karibu.

Wananchi hawajasahau tarehe 6 Mei 2017. Basi dogo la shule moja ya Arusha, likiwapeleka watoto wa darasa la saba Karatu kufanya mtihani wa majaribio, lilitumbukia korongoni Rhotia. Walikufa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Katika mashtaka yaliyofikishwa mahakamani baadaye yalikuwamo ya kuzidisha abiria na ya kutumia gari bila leseni ya usafirishaji. Hatusemi kuwa karatasi ingelizuia gari lisianguke. Twasema kwamba mkaguzi aulizaye karatasi ndiye huyo huyo atazamaye breki na kuhesabu viti.

Wako watakaosema nauli itapanda na mzazi maskini ataumia. Mtoto wa maskini hasa hapandi basi la shule. Yeye hugombania mlango wa daladala, ambayo angalau askari huisimamisha. Hata hivyo, ikiwa ada za leseni ni nzito, Serikali na izipunguze kwa magari ya watoto. Isipunguze ukaguzi.

Na askari wa barabarani nao twawaambia: rangi ya njano iliwekwa ili madereva wengine wajihadhari, haikuwekwa iwe cheti cha kupita huku watoto wamepakatana.

Wanachama walio katika kamati za shule wasingoje amri kutoka juu. Muhula ukifunguliwa, waombe kuonyeshwa leseni ya gari na leseni ya dereva, daraja lisomwe kwa sauti mbele ya wazazi. Ndugu zetu wa chama wenye mabasi hayo ndio wawe wa kwanza kuonyesha.