Mutu si motokari

Che Guevara, yule mupiganaji toka Cuba, alivuka ziwa kutoka Kigoma mwezi wa 4 mwaka 1965, akakaa miezi saba kwa milima yetu ya Fizi. Katika kitabu chake analaumu wapiganaji wa huku: walikataa kubeba mizigo, ati wao si motokari. Yeye anaona uvivu. Mimi siuoni. Baba zao walibebeshwa mizigo na Wabeleji kwa fimbo, na uhuru ulikuwa na miaka mitano tu. Wewe unayepandisha mufuko wa mawe kule Misisi unaelewa. Juu ya wakubwa waliobaki ng'ambo na pombe yao, pale kweli alisema sawa. Lakini wazee waliomuona, wachache wangaliko. Nani anaandika yao?