Duka la Mtandaoni Lisilo na Ghala: Msambazaji Ndiye Mhimili

Vijana wengi wanaouza bidhaa za Kariakoo kwa simu hawana ghala; mteja akishalipa, ndipo mzigo huchukuliwa kwa msambazaji. Mtaji ni mdogo, dhamana si ndogo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 humtaka muuzaji atekeleze agizo ndani ya siku 30, isipokuwa pande zote zimekubaliana vinginevyo, na mteja humdai aliyepokea fedha zake, si msambazaji asiyemjua. Kwa hiyo muuzaji hana budi kuinunua bidhaa mwenyewe na kuikagua kabla ya kuitangaza. Msambazaji naye huvutwa na malipo ya wakati na oda zisizokatika, hata zikiwa chache. Asiye na sifa hizo hukuta mzigo alioutangaza umekwisha kuuzwa kwa mwingine.