Hadhi ya Hoteli Ndogo za Voi

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Nairobi, akishaivuka nyika kavu ya Taru na kuuona kushoto kwake mlima wa Sagalla, ambao katika zama za misafara uliitwa Ndara, aghalabu huwa ameshikwa na njaa. Hushuka Voi, akala, akalipa, akaondoka, na kesho yake hakumbuki alichokila wala aliyempikia. Naliona jambo hili kuwa ni hasara kwa mji na dhuluma kwa wapishi wake, kwamba mahali palipolisha wapita njia kwa zaidi ya karne nzima hapajapata sifa kwa chakula, ilhali neema ya kupatia sifa hiyo imetuzunguka pande zote.

Kulisha wageni si kazi tuliyoianza jana. Kabla ya reli, misafara iliyotoka pwani kwenda Taveta na Kilimanjaro, baada ya kustahimili kiu ya Taru, ilikuwa ikipumzika Maungu na kisha Ndara, ikitafuta maji na kununua chakula kwa wenyeji. Na njia hiyo ndiyo aliyoipita Joseph Thomson mwaka 1883 alipokuwa akielekea nchi ya Wamasai. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipita hapa kabla ya kufika mto Tsavo mwaka 1898, na katika Vita Vikuu vya Kwanza likatoka hapa tawi la kwenda Taveta, Voi ikawa njia panda ya askari na ya biashara. Baadaye yakaja malori ya barabara kuu, na tangu 2017 reli mpya ya SGR nayo imeweka kituo chake hapa.

Na wako watu waliopata sifa ya chakula kwa sababu ndogo kuliko historia hii yetu. Katika mji wa Philadelphia, Marekani, mnamo mwaka 1930, ndugu wawili wenye asili ya Kiitaliano, Pat na Harry Olivieri, waliokuwa wakiuza soseji kwa mkokoteni, walikaanga vipande vyembamba vya nyama ya ng'ombe pamoja na vitunguu wakavitia ndani ya mkate mrefu. Jibini ikaongezwa baadaye, na chakula hicho cha vibarua na madereva wa teksi kikawa fahari ya mji mzima, hata hivi leo mgeni aendaye Philadelphia huhesabu safari yake kuwa pungufu asipokila. Hakukuwa na siri katika mkate ule wala katika nyama ile. Lililokuwapo ni mpishi aliyekitengeneza chakula kimoja vilevile kila siku bila ya kukipunja, na watu wa mji waliokubali kukiita chao.

Mwenye kutaka kujua kama sisi nasi tunao wapishi wa namna hiyo, naaingie katika hoteli yoyote ndogo ya Voi wakati wa adhuhuri, akae juu ya benchi pamoja na wengine. Atamkuta dereva wa lori na utingo wake, mwalimu wa shule, karani wa kaunti, na mama aliyeteremka na matenga ya mboga kutoka Wundanyi, wote wakila meza moja, wakipokezana chumvi na pilipili bila ya kuulizana kabila wala cheo. Mpishi amesimama mbele ya jiko la makaa, ageuza chapati juu ya chuma kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akoroga karai la nyama iliyokatwa ndogondogo, ikakaangwa kwa kitunguu, nyanya na dania hata mchuzi ukaikaukia. Kisha huipakua pamoja na kachumbari na kipande cha ndimu, naye mlaji huikunjia chapati yake na kula kwa mkono. Chakula hiki ni cha moto, ni cha halali, na bei yake yafikiwa na mtu wa kipato cha chini. Na mpishi huyo, akimwona mteja aliyezoeleka, hujua bila ya kuambiwa kama ataka mchuzi mwingi au pilipili kidogo. Adabu hiyo sijaiona katika hoteli kubwa ambamo chakula hutajwa kwa nambari.

Kasoro iliyopo ni kwamba tumeanza kuona haya kwa vilivyo vyetu. Kila mwaka huzidi vibanda vyenye chipsi na soseji za kiwandani, sawasawa na zile zilizoko Mombasa na Nairobi, kana kwamba mgeni amesafiri maili zote hizi kuja kula alichokiacha kwao. Lakini ng'ombe wanalishwa katika ranchi za Sagalla, Kasigau na Taita. Kabichi, nyanya na sukuma wiki huteremka kutoka milimani. Ndizi hutoka Taveta. Na kimanga cha Wataita, maharagwe yaliyopondwa pamoja na muhogo au viazi, ni chakula ambacho msafiri aweza kupita Voi mara nyingi asikutane nacho hotelini hata siku moja. Chapati iliyokunjiwa nyama ya ranchi zetu, ikaambatana na kimanga na mboga ya milimani, ingetosha kabisa kuwa chakula cha Voi, na ng'ombe, shamba na jiko vingefaidika kwa shilingi ileile moja.

Wako wasemao kwamba hoteli hizi ni chafu na heri ziondolewe kando ya barabara. Usafi ni haki ya mlaji, na mpishi asiye na cheti cha afya, au atumiaye nyama isiyo na muhuri wa mkaguzi, hastahili kutetewa. Hata hivyo insafu yatutaka tuulize maji ya kuoshea sahani yatoka wapi, katika mji ambao mabomba yake huweza kukauka ilhali maji ya chemchemi za Mzima yamekuwa yakipelekwa Mombasa tangu miaka ya 1950. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeikabidhi serikali ya kaunti kazi ya kutoa leseni na kusimamia wauzao chakula kwa umma. Na kusimamia si kubomoa peke yake, bali pia ni kuwapa watu mfereji wa maji, kivuli, mahali pa kutupia taka, na mafunzo, kisha ndipo kuwadai usafi kwa haki.

Basi kwa wakuu wa kaunti nasema: wekeni maji kwanza, na askari wa kubomoa vibanda wawe wa mwisho. Kwa wapishi nasema: pikeni cha kwenu bila ya haya, na kipimo cha leo kiwe ndicho cha kesho. Na wewe msomaji, utakaposhuka Voi mara nyingine, liache duka la soseji, ingia hoteli ndogo, uliza kimanga, na ukitosheka mwambie mpishi hivyo, kwani mji hupata sifa ya chakula kwa vinywa vya walaji wake.