Waambieni abiria mapema ndege inapochelewa

Mhariri,

Safari ya ndege kutoka Unguja hadi Dar es Salaam ni kama dakika 20 tu angani. Kinachotuchosha ni uwanjani. Hivi karibuni tulikaa kwenye ukumbi wa kuondokea tangu asubuhi mpaka ikaadhiniwa adhuhuri, huku ubao ukionyesha saa ileile iliyokwisha kupita. Jirani yangu alikuwa bibi mmoja, bahasha ya picha za eksirei mapajani, akiwahi miadi ya daktari Hospitali ya Muhimbili. Kila alipouliza alijibiwa, “Subiri kidogo, bibi.” Na akishuka Dar, bado foleni ya Barabara ya Nyerere inamngoja.

Ndege kupata hitilafu, au hali ya hewa kuchafuka, tunaelewa; usalama kwanza. Ila angeambiwa mapema, bibi yule angerudi zake bandarini Malindi akapanda boti, akafika Dar kwa takriban saa mbili.

Nayaomba mashirika ya ndege yaseme ukweli mapema, kwa kipaza sauti na kwa ujumbe wa simu. Namba zetu yanazo tangu tunapokata tiketi.

Abiria,
Unguja